Karatasi moja, kurasa nane: Ufundi wa kijitabu cha mfukoni na faida zake

KILA mwaka unapokaribia tamati, maduka ya vitabu na vibanda vya kando ya barabara hufurika shajara za majalada ya kung'aa. Wengi hujinunulia, wakaandika kurasa tatu nne za Januari, kisha shajara hiyo ikageuka kuwa pahali pa kuhifadhia risiti na kadi za mialiko ya harusi. Si uvivu pekee unaosababisha hali hii. Shajara ni nzito, haiingii mfukoni, na kurasa zake 365 humtisha mtu ambaye haja yake ni kukumbuka mambo sita tu ya wiki hii.

Ipo njia nyingine, tena ya tangu jadi, ambayo haihitaji gharama yoyote ya maana. Ni kijitabu kidogo kinachotengenezwa kwa mkono kutokana na karatasi moja tu ya A4. Hakina gundi, hakina uzi wala pini. Hukunjwa, hukatwa mara moja kwa mkasi, na papo hapo mtu huwa na kitabu kamili chenye kurasa nane, kinachotoshea katika kiganja cha mkono.

Wasanii hukitumia kuchora na kusambaza kazi zao. Walimu hukitumia kuwafunza watoto utunzi. Hata hivyo, huenda anayenufaika zaidi ni mfanyabiashara mdogo anayetaka kujua, jioni ya Jumamosi, iwapo wiki nzima alifanya kazi ya faida au aliwahudumia majirani bure. Tutamrejelea baadaye. Kwanza, hebu tuone jinsi kinavyoundwa.

Weka karatasi mezani kwa ulalo, ukingo wake mrefu ukikuelekea. Ikunje kwa kuuleta ukingo wa juu hadi ukutane sawasawa na ule wa chini, ili upate kipande kirefu chembamba. Pitisha ukucha juu ya mkunjo ili uwe mkali, kisha ikunjue. Sasa ikunje kwa kuukutanisha ukingo wa kushoto na ule wa kulia. Usiikunjue, ikunje tena kwa nusu kuelekea upande uo huo. Unapoikunjua yote, utaona kwamba mikunjo imeigawa karatasi katika visanduku vinane vilivyo sawa, vinne katika safu ya juu na vinne katika safu ya chini.

Hatua inayofuata ndiyo huwapotosha wengi. Ikunje karatasi kwa nusu tena, kushoto kukutane na kulia. Upande mmoja utakuwa na mkunjo uliofumba na upande wa pili utakuwa na kingo mbili zilizo wazi. Anza kukata kwenye upande ule wa mkunjo, ukiufuata mstari wa katikati, hadi utakapokutana na mkunjo wa wima ulio mbele. Simama hapo hapo. Anayeanzia upande wa kingo zilizo wazi hujikuta na karatasi iliyopasuka kushoto na kulia huku katikati pakiwa pazima, nayo haiwezi tena kuwa kitabu. Ikiwa umekata ipasavyo, ukiikunjua utaona mpasuko mmoja katikati ya karatasi, urefu wa visanduku viwili, na kingo zote za nje zikiwa nzima.

Asiye na mkasi asihofu. Mkunjo ukikunjwa mbele na nyuma mara kadhaa hudhoofika, na karatasi hupasuka kwa unyoofu ikibanwa chini ya rula. Wembe pia hufaa, ila si kwa watoto.

Hatimaye, ikunje karatasi kwa urefu kama ulivyofanya mara ya kwanza, mpasuko ukiwa juu. Shika ncha zake mbili, moja kwa kila mkono, na uzisukume kuelekea katikati. Mpasuko utaachama kama mdomo wa samaki. Endelea kusukuma hadi ufumbe, na ukitazama kutoka juu utaona umbo la msalaba lenye mikono minne. Laza mikono hiyo yote upande mmoja, jalada likiwa nje, na ubane mkunjo wa mgongo kwa ukucha. Kijitabu kimekamilika. Kwa aliyezoea, kazi yote haichukui hata dakika mbili.

Tatizo moja lililosalia ni mpangilio wa kurasa. Anayetaka kuandika au kuchora kabla ya kukunja anapaswa kufahamu kwamba kurasa hazifuatani jinsi zinavyoonekana karatasi ikiwa imetandazwa. Katika safu ya chini, kutoka kushoto kwenda kulia, huwa kuna jalada la nyuma, jalada la mbele, ukurasa wa pili na ukurasa wa tatu. Katika safu ya juu, pia kutoka kushoto, huwa kuna ukurasa wa saba, wa sita, wa tano na wa nne, na zote nne huwa zimepinduka kichwa chini. Hapana haja ya kuyakariri haya. Tengeneza kijitabu kitupu, andika nambari za kurasa kwa penseli, kisha ukikunjue. Karatasi yenyewe itakuonyesha kila kitu kinapostahili kukaa.

Yafaa kutaja pia kwamba anayeandika kwa hati ya Kiarabu, kama walivyofanya watunzi wa tenzi wa pwani yetu kwa karne nyingi, atakifungua kijitabu chake kutoka upande wa pili. Kwake yeye, jalada la mbele na la nyuma hubadilishana nafasi na hesabu ya kurasa huenda kinyume. Ufundi wa kukunja haubadiliki.

Kuna sababu inayofanya karatasi ya A4 ikubali mchezo huu kwa urahisi. Vipimo vyake ni milimita 210 kwa 297. Uwiano wa pande hizi uliteuliwa makusudi: ukiikata A4 katikati unapata A5 mbili zenye umbo lile lile, ukikata A5 unapata A6, na A6 hutoa A7. Mwanazuoni Mjerumani Georg Christoph Lichtenberg aliieleza sifa hii katika barua aliyoandika mwaka wa 1786, na Ujerumani ikaifanya kuwa kipimo rasmi mwaka wa 1922. Kwa hivyo, karatasi yetu inapogawanywa mara nane, kila ukurasa huwa na kipimo cha A7, yaani takriban milimita 74 kwa 105. Hakuna ukurasa ulio mrefu kupita kiasi wala mfupi wa kuchekesha. Karatasi inayotumika Marekani ni pana kidogo na fupi kidogo. Nayo hukunjika vilevile, ingawa kijitabu chake huwa chembamba zaidi.

Karatasi ya kawaida ya fotokopi, ile ya gramu 80 kwa mita mraba, huwa na uzani wa gramu tano tu kwa kila ukurasa wa A4. Ndio uzani wa kijitabu kizima. Mtu akitengeneza kimoja kila wiki kwa mwaka mzima atakuwa ametumia karatasi 52, ambazo ni zaidi kidogo tu ya sehemu moja ya kumi ya rimu yenye karatasi 500.

Sasa tumrejelee mfanyabiashara wetu.

Chukua mfano wa mama anayeuza mboga katika mtaa wowote wa Nairobi, Kisumu au Mombasa. Tuseme siku ya Jumatatu ananunua sukuma wiki, nyanya na vitunguu vya Sh2,000 sokoni alfajiri na kulipa nauli ya Sh200. Kufikia jioni ameuza bidhaa zote. Kati ya mauzo hayo, Sh1,850 zimelipwa taslimu au kwa simu, na Sh750 ni za wateja waliomwambia, "Mama, nitakulipa kesho." Kwa hesabu ya vitabu, mauzo yake ni Sh2,600, gharama ni Sh2,200, na faida ni Sh400. Lakini mkobani mna Sh1,850. Kesho alfajiri anahitaji Sh2,200 ili ajaze kibanda, na tayari amepungukiwa na Sh350.

Hapo ndipo biashara nyingi ndogo hufia, na mara nyingi mwenyewe huwa hajui kilichoiua. Faida yake yote ya siku imo ndani ya madeni. Akisahau deni moja la Sh400, amefanya kazi ya bure tangu alfajiri. Akiendelea hivyo kwa siku sita bila yeyote kulipa, atakuwa anadai Sh4,500, zaidi ya mara mbili ya mtaji wake wa siku, na kumbukumbu ya deni hilo imo kichwani mwake pekee, pamoja na karo, kodi ya nyumba na mtoto mwenye homa.

Kijitabu cha kurasa nane kinafaa hapa kwa sababu ya sadfa ya kupendeza ya hesabu. Ukitoa jalada la mbele, kurasa zinazosalia ni saba, na wiki ina siku saba. Kila siku ina ukurasa wake. Juu ya ukurasa huandikwa mtaji uliotoka, chini yake pesa zilizoingia, na sehemu iliyobaki ni ya majina na madeni. Kwenye jalada huandikwa tarehe ya kuanza na ya kumaliza wiki. Anayelipa hupigwa mstari. Ukurasa wenye majina yasiyopigwa mstari humkodolea mwenye duka macho kila anapoufungua.

Jumapili, kijitabu hukunjuliwa. Upande wa pili wa karatasi, ambao muda huo wote ulikuwa umefichika ndani ya mikunjo, huwa mweupe kabisa, ukubwa wa A4. Hapo ndipo pa kujumlishia wiki: mtaji wote, mauzo yote, pesa zilizopokewa, madeni yanayohamishiwa wiki ijayo, na bidhaa zilizooza. Kisha karatasi hukunjwa tena na kuwekwa katika bahasha, na kijitabu kipya kikaanza. Bahasha yenye vijitabu vinne ni hesabu ya takriban mwezi mzima. Atakayekwenda kuomba mkopo katika chama chake au katika sacco atakuwa na kitu cha kuonyesha zaidi ya maneno matupu. Isitoshe, sheria ya Kenya ya taratibu za ushuru ya mwaka wa 2015 humtaka mlipaji ushuru kuhifadhi rekodi zake kwa miaka mitano. Vijitabu vya miaka mitano huingia katika kikebe cha biskuti.

Bila shaka atakuwepo msomaji atakayeuliza: je, simu haiwezi kufanya haya yote? Inaweza, na kwa mambo kadhaa inashinda karatasi. Simu hujumlisha bila kukosea, hukumbusha kwa sauti, na ujumbe wa M-Pesa ni ushahidi usiobishaniwa. Hata hivyo, huduma hiyo yenyewe ilipozinduliwa nchini Machi 2007, mawakala walikuwa wakiandika kila muamala katika daftari kubwa la karatasi na mteja kutia sahihi. Karatasi haiishiwi na chaji saa kumi na mbili jioni wakati wateja wamepanga foleni. Haihitaji vidole vilivyo safi. Na mtu anapofungua kijitabu kutazama deni, hatakutana na picha za harusi ya binamu na mjadala wa kisiasa wa kundi la WhatsApp, akaja kuzinduka dakika ishirini baadaye akiwa hakumbuki alichokuwa akitafuta.

Tahadhari mbili tatu zinahitajika. Tumia penseli, kwani wino wa kalamu nyingi husambaa ukilowa, ilhali risasi ya penseli hustahimili unyevu. Usiandike kamwe nambari ya siri ya simu au ya benki humo. Na kwa kuwa madeni ya watu ni siri zao, kijitabu kisiachwe juu ya meza ya kibanda. Wengi hutumia herufi za kwanza za majina au alama wanazozijua wao wenyewe.

Manufaa ya kuandika mipango hayaishii kwenye pesa. Mnamo 2011 watafiti wa saikolojia wa Marekani, E. J. Masicampo na Roy Baumeister, walichapisha matokeo ya majaribio kuhusu shughuli ambazo mtu hajazikamilisha. Waligundua kwamba shughuli hizo huendelea kuisumbua akili na kuivuruga katika kazi nyingine, na kwamba usumbufu huo hupungua pindi mtu anapopanga bayana jinsi atakavyozitekeleza, hata kabla ya kuzitekeleza. Angalia vizuri: si orodha tupu iliyoleta nafuu bali mpango mahususi. "Kumwona mwalimu" ni orodha. "Alhamisi saa nane, baada ya kufunga kibanda, nipitie shuleni kumwona mwalimu wa darasa" ni mpango. Ukurasa wa A7 unatosha mipango mitano au sita ya namna hiyo, na udogo wake ni msaada, kwa vile hauruhusu mtu kujirundikia mambo ishirini kwa siku moja.

Mbali na mipango, kijitabu kidogo kina historia ndefu katika sanaa na usomaji, na historia hiyo haiko mbali nasi kama inavyodhaniwa.

Katika Kiswahili cha zamani, neno chuo lilimaanisha kitabu kabla ya kuwa jina la pahali vitabu vinaposomwa. Mtoto wa pwani aliyepelekwa chuoni hakuanza na msahafu mzima. Kurani imegawanywa katika juzuu 30, na hadi leo juzuu huchapishwa pekee kama vijitabu vyembamba ambavyo mtoto huweza kuvibeba bila kulemewa. Wazo la kukikata kitabu kikubwa kiwe vidogo, ili msomaji mdogo asitishike, si geni kwetu.

Huko Ulaya, wachapishaji walipata ukubwa wa vitabu vyao kwa kukunja. Karatasi kubwa ikikunjwa mara moja hutoa majani mawili, mara mbili hutoa manne, mara tatu hutoa manane, yaani kurasa 16. Mnamo 1501, Aldus Manutius wa Venice alianza kuchapa kazi za washairi wa kale, akianza na Virgil, katika vitabu vidogo vya majani manane kwa karatasi, na msomaji akaweza kutembea na kitabu ambacho awali kilihitaji meza. Karne zilizofuata zilishuhudia vijitabu vya bei ya chini vilivyouzwa na wachuuzi vijijini Uingereza, na kaskazini mashariki mwa Brazil hadi leo kuna vijitabu vya mashairi viitwavyo cordel, jina linalotokana na kamba ambazo huanikwa sokoni kama nguo. Majalada yake hupambwa kwa picha zilizochongwa kwenye ubao. Brazil iliitambua fasihi hiyo kuwa urithi wa taifa mwaka wa 2018. Nigeria nayo ilikuwa na vijitabu vya soko la Onitsha, vilivyovuma kati ya miaka ya 1940 na 1960, vikiuza hadithi za mapenzi na mawaidha kwa wasomaji waliokuwa wametoka shule juzi.

Lakini mfano unaogusa zaidi ni wa watoto wanne wa kasisi mmoja katika kijiji cha Haworth, kaskazini mwa Uingereza. Mnamo Juni 1826, Patrick Brontë alimletea mwanawe Branwell wanasesere wa mbao walioumbwa kama askari. Branwell na dada zake Charlotte, Emily na Anne wakawapa askari hao majina na kuwatungia visa. Kisha waliamua kwamba askari wadogo wanastahili vitabu vidogo. Karatasi ilikuwa ghali, basi walitumia vipande vilivyopatikana nyumbani, ikiwemo mifuko ya sukari, wakavishona kwa uzi na kuandika kwa maandishi madogo mno yaliyoiga chapa ya magazeti. Watu wazima walitatizika kuyasoma, jambo ambalo yamkini liliwapendeza watoto hao.

Kimoja cha vijitabu hivyo, toleo la jarida ambalo Charlotte alilitengeneza mwaka wa 1830 akiwa na umri wa miaka 14, kina vipimo vya takriban milimita 35 kwa 61 na kimebeba maneno zaidi ya 4,000. Mnamo Novemba 2019 kiliuzwa katika mnada jijini Paris kwa Euro 600,000, na jumba la makumbusho la Haworth ndilo lililokinunua. Mwaka wa 2022 kijitabu kingine chake cha mashairi, cha mwaka wa 1829, kilinunuliwa kwa Dola 1.25 milioni na kurejeshwa katika jumba hilo. Bei hizo zinatokana na umaarufu alioupata Charlotte baadaye kwa riwaya ya Jane Eyre ya 1847. Kinachofaa kuzingatiwa na mzazi ni kingine: dada hao watatu, ambao wote walikuja kuwa waandishi wa riwaya, walijifunza kazi hiyo kwa kutengeneza vitabu kwa mikono yao. Walichagua kichwa, wakagawa hadithi kwa kurasa, wakaandika majina yao kwenye jalada.

Hapa nchini, Mtaala wa Umilisi ulioanza kutekelezwa kitaifa katika madarasa ya chini mwaka wa 2019 umewafanya wazazi wengi kulalamikia gharama ya vifaa na uchapishaji wa kazi za watoto. Malalamishi hayo yana msingi. Ndiyo maana inashangaza kwamba zoezi hili lisilogharimu zaidi ya karatasi moja halionekani mara nyingi zaidi madarasani. Ndani yake mna hesabu, kwani mtoto hugawa kitu kizima katika nusu, robo na thumuni kwa vidole vyake. Mna sanaa, kwa maana ya kuchora picha inayotoshea nafasi. Na mna insha. Mwanafunzi anayeambiwa aandike hadithi ya kurasa mbili za daftari hujaza maneno hadi mwisho, lakini anayepewa kurasa sita za ndani na jalada hulazimika kuamua: mhusika aingie ukurasa gani, tatizo litokee wapi, na ni jambo gani lifichwe hadi msomaji afungue ukurasa unaofuata. Kufungua ukurasa ni pumzi ya hadithi, na mtoto huitambua haraka kuliko anavyoweza kuelezwa.

Kuna faida nyingine kwa mwalimu. Kwa kuwa kurasa zote nane ziko upande mmoja wa karatasi, kazi ya mtoto mmoja huweza kunakiliwa yote kwa kupita mara moja katika mashine ya fotokopi. Karatasi 40 zatosha darasa la wanafunzi 40 kusoma kitabu cha mwenzao. Ni sifa hiyo hiyo iliyowavutia wasanii wa ng'ambo wanaotengeneza vijarida vidogo viitwavyo zini: hawahitaji mhariri, kampuni wala mtaji, ila mashine ya fotokopi na pahali pa kuvigawa. Watakaokosa hadithi ya kuanzia wanaweza kutafuta katika mkusanyiko wa African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini, ambao hutoa hadithi za watoto bila malipo kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Kenya, na kuruhusu zinakiliwe.

Atakayeona kurasa nane hazimtoshi anaweza kupiga hatua moja mbele. Ikate A4 mara mbili upate vipande vinne vya A6, kunja kila kimoja katikati, na uvitie kimoja ndani ya kingine. Sasa una kurasa 16 kutoka karatasi ile ile, maana pande zote mbili zinaandikika. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo wa mgongo, moja katikati na mengine karibu na ncha. Pitisha sindano yenye uzi kutoka ndani kupitia tundu la katikati, ukiacha mkia mfupi wa uzi ndani. Ingia ndani kupitia tundu la juu, shuka hadi tundu la chini na utoke nje, kisha urudi ndani kupitia tundu la katikati. Hakikisha ncha mbili za uzi ziko upande huu na huu wa uzi mrefu unaopita ndani, ndipo ufunge fundo. Fundo likikosa kuukumbatia uzi huo, mshono utalegea baada ya siku chache.

Kwa jalada, gamba la pakiti ya majani chai au la unga wa ngano hufaa sana. Kabla ya kulikunja, lijaribu kwa upole kuelekea pande zote mbili, kwa sababu karatasi ngumu huwa na nyuzi zinazolala upande mmoja, na ikikunjwa kinyume na nyuzi hizo huvunjika na kuacha mgongo wenye nyufa. Upande unaopinda kwa urahisi ndio unaofaa kuwa mgongo. Ukishamaliza kushona utagundua kwamba kurasa za ndani zimechomoza kidogo kuliko za nje. Hilo ni jambo la kawaida, kwani kila jani la nje hulazimika kuyazunguka yaliyo ndani yake. Bana kijitabu chini ya rula, upitishe wembe mara moja kwenye ukingo, na kingo zote zitakuwa sawa.